Kunyoosha pua na kuzibua njia ya machozi siku moja: jibu langu refu kwa mleta uzi

Dada mleta uzi, pole kwa hilo jicho. Nimesoma maelezo yako mpaka mwisho pamoja na michango ya waliotangulia. Kwa wanaoingia sasa: dada yetu ana miaka thelathini na kitu, jicho la kulia linamtiririka machozi mwaka wa pili huu, asubuhi anaamka na tongotongo, na akibonyeza kona ya ndani ya jicho unatoka ute. Daktari wa macho kamwambia njia ya machozi imeziba, dawa yake ni operesheni. Kutumwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, huko nako kaambiwa ukuta wa kati wa pua umepinda, unyooshwe siku hiyohiyo kwa usingizi mmoja. Nyumbani wazee wanasema mwili haubebi operesheni mbili. Humu jukwaani nusu wanamwambia akubali, nusu wanasema hospitali zinatafuta namna ya kunenepesha bili.

Mimi nilifanyiwa zote mbili kwa mpigo, jicho la kushoto, miaka kadhaa iliyopita. Ni fundi cherehani hapa Tanga, si daktari, kwa hiyo nichukulie kama mgonjwa aliyeuliza maswali mengi mpaka madaktari wakamzoea. Jibu langu kwa kifupi: kama pua imepinda upande uleule wa jicho bovu, na imepinda sehemu ya juu, kubali wafanye pamoja. Kama imepinda upande wa pili, au chini tu, na wewe unapumua vizuri, usisaini kwanza. Na katika hali zote mbili, kuna swali moja zito kuliko hilo, nitalifikia.

Kwanza tuondoe jambo linalowachanganya wengi hapa. Machozi hayaishii machoni. Kona ya ndani ya kila jicho kuna vitundu viwili, kimoja kope ya juu, kimoja kope ya chini. Vuta kope ya chini mbele ya kioo utakiona, kidogo hicho. Machozi yanaingia humo, yanapita vijia vyembamba hadi kwenye kifuko kilicho ubavuni mwa pua, kisha yanashuka kwa mfereji uliomo ndani ya mfupa mpaka puani. Ndiyo maana mtu akilia sana anapenga kamasi, na ndiyo maana ukitia dawa ya matone jichoni unasikia uchungu wake kooni. Kwa watu wazima wengi, na zaidi sisi wanawake kuanzia umri wa kati, kinachoziba ni ule mfereji wa chini ya kifuko. Machozi yanatuama kifukoni, vijidudu vinashamiri humo, na huo ndio ute unaoukamua kila asubuhi.

Sasa sikiliza hapa: operesheni yenyewe haizibui ule mfereji. Unaachwa hivyohivyo ulivyoziba. Daktari anaondoa kipande cha mfupa kilicho kati ya kifuko na pua, anakifungua kifuko kimwage machozi moja kwa moja puani, yaani njia mpya ya mkato. Wenyewe wanaiita DCR. Kuna njia ya nje, ambapo unachanwa kidogo kwenye ngozi ubavuni mwa pua, na hii ni ya zamani. Daktari wangu wa macho, mpenda historia yule, aliniambia aliyeieleza ni Mtaliano Addeo Toti mwaka 1904. Na kuna njia ya ndani, kamera nyembamba inapitishwa tundu la pua, usoni habaki mshono. Hii ya kamera ilishika kasi kuanzia miaka ya 1990. Matokeo yake yanakaribiana, mikononi mwa mtu anayejua kazi kama watu 90 kati ya 100 wanapona. Mchangiaji aliyesema njia ya nje "imepitwa na wakati" anawatisha watu bure.

Huo mlango mpya unatokea wapi puani? Juu, karibu na mizizi ya pua, mbele kidogo ya kile kinyama cha katikati kati ya vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa pembeni wa pua. Pafinyu mno pale, hata kwa mtu mwenye pua iliyonyooka. Ukuta wa kati ukiwa umeegemea upande huo, kamera na vyombo havipati pa kupita, daktari anafanya kazi kwa kubahatisha. Na hata akifaulu kupita, kidonda cha mlango mpya kinabaki kinatazamana na ukuta kwa karibu sana. Nyama mbichi mbili zikigusana puani zinashikana, kovu linaota katikati, na mlango uliotobolewa kwa taabu unafungwa. Hiyo ni moja ya sababu kubwa za DCR kufeli. Kwa hiyo pale pua inaponyooshwa, mara nyingi lengo ni kutengeneza nafasi ya machozi kupita, wala si kwa ajili ya pumzi.

Ndiyo maana nataka ujue pua imepinda upande gani, na ni juu au chini. Watu wazima wengi tu wana ukuta wa pua uliopinda kidogo na wanazeeka nao bila shida yoyote. Mimi sikujua yangu imepinda mpaka daktari alipoweka picha ya siti skani kwenye taa na kunionyesha: ukuta ulishuka vizuri kutoka juu, ukajipinda kushoto kama anayekwepa kitu, na pale ulipojipinda palitoka mwiba wa mfupa unaokaribia kugusa upande wa jicho langu. Nilipoiona ile picha sikuhitaji maelezo zaidi. Nawe omba uonyeshwe. Daktari akikuonyesha kwa kidole "hapa ndipo nitakapotoboa, na hapa ndipo ukuta unaponizuia", basi una sababu. Akikwambia tu "tukishakulaza tutanyoosha na pua", muulize kwa upole: nisiponyoosha, utaifikia sehemu ya machozi au hutaifikia? Jibu la swali hilo moja linatosha.

Na usidanganywe na upande wa pili wa shilingi. Kuna mtu kakwambia humu ukinyoosha pua tu machozi yatakauka yenyewe. Hapana. Ukuta wa kati haupo kwenye njia ya machozi. Mfereji ukishaziba umeziba, unyooshe pua mara ngapi haufunguki. Ukifanya pua peke yake utapumua vizuri huku unalia.

Kabla hata ya kufika huko, hakikisha kweli ni mfereji. Si kila jicho linalotoka machozi limeziba. Mzio unatoa machozi. Jicho kavu, ajabu yake, linatoa machozi kwa sababu linawashwa. Kope iliyolegea uzeeni inaacha machozi yamwagike. Na kwetu hapa bado kuna vikope, trakoma, kope zinageukia ndani zinakwaruza jicho. Kipimo cha kutofautisha ni rahisi: wanakutia ganzi ya matone, wanachukua bomba la sindano lenye kijibomba butu badala ya ncha, wanakiingiza kwenye kitundu cha kope ya chini na kusukuma maji ya chumvi taratibu. Njia ikiwa wazi, unasikia chumvi kooni mara moja. Ikiwa imeziba, maji yanarudi. Kwangu yalirudi kupitia kitundu cha juu, yakatoka na uzi wa usaha wa njano ukaning'inia kwenye kope, nesi akaupangusa na pamba akaniambia, "Mama, huu ndio umekuwa ukikutesa." Hapakuwa na maumivu, ni kero tu. Kama hukufanyiwa kipimo hiki, rudi ukakiombe kabla ya kuzungumzia kisu.

Jambo la bili. Sikatai kwamba kuna wanaoongeza vitu. Lakini hesabu ya kutenganisha nayo uipige: usingizi mara mbili, vipimo vya damu mara mbili, kufunga kula mara mbili, siku za kutofanya kazi mara mbili, na kwa sisi tulio mikoani nauli na pa kulala Dar mara mbili pamoja na mtu wa kukusindikiza. Kama unatumia bima, hakikisha kibali kimetaja operesheni zote mbili, kwa maana mara nyingi zinaombwa na idara mbili tofauti. Kwangu karatasi ilikuja na moja tu, na ilibidi binti yangu azunguke madirisha asubuhi nzima kabla sijaingizwa thieta. Waombe pia waandike kwamba pua inanyooshwa kwa sababu ya tiba. Mtu wa bima akisoma "pua" haraka haraka anaweza kudhani ni urembo. Na kwa aliyeuliza kama sura itabadilika: kunyoosha ukuta wa ndani hakubadilishi umbo la nje kwa kawaida. Pua yangu ni ileile ya marehemu babangu.

Wazee wanaosema mwili haubebi mbili, waelezee hivi. Pua ni ileile, upande uleule, kidonda kiko ndani ya chumba kimoja. Si sawa na kupasuliwa tumbo na goti siku moja. Kinachoongezeka ni muda wa kuwa usingizini, uvimbe, na damu kidogo zaidi. Kwa mtu mwenye presha isiyotulia, kisukari kinachoyumba au anayetumia dawa za kuyeyusha damu, daktari wa usingizi ana haki ya kusema tutenganishe, na hapo msibishane naye. Jingine la kusubirisha ni kifuko kikiwa kimechachamaa: kona ya jicho nyekundu, imevimba, inauma hata kugusa. Hapo wanatuliza kwanza kwa dawa za vijidudu. Na tafadhali, wakati huo msikande kwa maji ya moto kupita kiasi wala msitoboe kwa sindano ya nyumbani, wala msitie maziwa ya mama au wanja jichoni. Nimeviona vyote vikifanywa mtaani kwetu.

Sasa lile swali zito. Nani atakusafisha pua baada ya operesheni?

Jicho ni idara moja, pua ni idara nyingine. Kwenye hospitali nyingi zetu kila moja ina kliniki yake, siku yake, faili lake. Siku ya operesheni wanakutana thieta, wanashirikiana vizuri kabisa. Kwangu daktari wa pua alianza kunyoosha ukuta, alipomaliza wakaendelea na kutoboa njia ya machozi, na huo ndio utaratibu wa kawaida, kwa sababu huwezi kutoboa mahali usipopafikia. Shida inaanza ukitoka wodini. Mimi niliruhusiwa nikiwa na karatasi ya kurudi kliniki ya macho peke yake. Kule macho waliniangalia jicho, wakasema zuri, nenda. Puani hakuna aliyechungulia. Nikawa nahisi upande wa kushoto unabana siku hadi siku, na magamba ya damu na kamasi yamekauka humo ndani magumu. Nilipong'ang'ania kuonwa na mtu wa pua, aliingiza kamera akakuta utando mwembamba umeshaanza kuunganisha ukuta na upande wa mlango mpya. Akanitia dawa ya ganzi, akautenganisha palepale kwenye kiti, akanitoa magamba kwa koleo moja baada ya jingine. Aliniambia ningechelewa zaidi utando ungekuwa kovu na tungekuwa tunazungumza habari ya kurudi thieta. Hospitali siitaji, walionihudumia walikuwa watu wazuri. Ni ule mwanya kati ya idara mbili ambao mgonjwa anadumbukia.

Kwa hiyo kabla hujasaini, waulize wote wawili, ikiwezekana wakiwa pamoja: baada ya operesheni nitarudi kwa nani, lini, na nani atatazama puani kwa kamera? Taka tarehe mbili zilizoandikwa, ya macho na ya pua. Pua isafishwe mapema, kama wiki moja baada ya operesheni, halafu tena kadiri atakavyoona. Kwa mtu anayefanya operesheni hizi pamoja, hii ndiyo inayotofautisha anayepona na anayerudia, kuliko hata kutumia kamera au kuchanwa nje. Huo ni mtazamo wangu, na daktari aliyenitenganisha ule utando hakunipinga.

Siku yenyewe niliogopa kuliko ilivyostahili. Unafunga kula kwa muda wa saa 6 hivi kabla ya operesheni, unalazwa usingizi kamili, nusu kaputi. Wengine hufanya DCR kwa ganzi tu, ila ukichanganya na pua, usingizi kamili ndio unaotumika zaidi. Ukuta wa pua wanaufikia kwa kuchana ndani ya tundu, hakuna jeraha la nje. Wanaibandua ngozi laini ya ndani kutoka kwenye gegedu na mfupa, wanapunguza au kunyoosha pale palipopinda tu, kisha wanairudisha ngozi mahali pake na kuishikiza kwa nyuzi zinazopita upande hadi upande, sawasawa na sisi mafundi tunavyopiga bandi bitana isicheze juu ya kitambaa. Hizo nyuzi zinayeyuka zenyewe. Kazi yake ni kuzuia damu isijikusanye kati ya ngozi na gegedu. Damu ikijikusanya hapo gegedu linakosa chakula na linaweza kuoza, ndiyo maana ukitoka hospitali na pua zote mbili zikaziba kabisa ghafla, zikauma, na homa juu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda usiku huohuo.

Niliamka pua imejazwa, napumua kwa mdomo, koo limekauka. Ukweli ni kwamba hilo lilinisumbua kuliko maumivu. Weka maji karibu, paka mafuta midomoni, lala mito miwili au mitatu kichwa kiwe juu. Usiku wa kwanza unatoka damu ya rangi ya chai kidogo kidogo nyuma ya koo. Iteme, usiimeze, ukiimeza inakuchafua tumbo utapike. Wengine hawajazwi siku hizi, wanawekewa vipande laini vya silikoni pande mbili za ukuta visaidie kutenganisha zile nyama zisishikane. Kwa anayefanya na machozi mimi ningeviomba, maana kazi yake ndiyo hiyo hasa.

Utakuta pia kwenye kona ya jicho kijiuzi cha plastiki kinachong'aa. Ni kijibomba cha silikoni, kimeingia kitundu cha juu na cha chini, ncha zote mbili zimeshuka puani kupitia mlango mpya na kufungwa huko. Kinashikilia njia isizibe wakati kidonda kinapona. Si kila daktari anakiweka, lakini wengi wanaweka, na kinakaa kati ya wiki 6 na miezi 3 hivi. Ukijitazama kwenye kioo unaona kinapita kutoka kope moja hadi nyingine, kisicho na rangi, na mwanzoni unatamani kukivuta. Usikivute. Ukisugua jicho au mtoto akikishika kikajitokeza kikawa kitanzi kirefu usoni, kibandike kwa plasta kwenye shavu au pua na uende kliniki. Usikate. Kutolewa kwenyewe ni kitendo cha dakika, wanakata hapo konani na kukitoa kwa puani, ukiwa umekaa.

Mambo ya nyumbani. Usipenge kamasi mpaka daktari akuruhusu, kwa kawaida wiki 2 hivi. Hapa pana sababu ambayo haihusu pua ya kawaida: sasa pua na jicho vina mlango wa wazi, ukipenga kwa nguvu hewa na uchafu vinapanda juu, na kope linaweza kuvimba hewa. Chafya ikija ifungulie mdomo. Usiiname kuokota vitu, usinyanyue ndoo, usikae jikoni juu ya mvuke wa moto, chai iache ipoe. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, hizo tunazonunua kama karanga dukani, ziachwe mapema kabla ya operesheni na wiki za mwanzo baada yake, zinavujisha damu. Kama umeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo, aliyekuandikia ndiye aseme. Vidonge vya kitunguu swaumu na dawa za asili mtajie daktari pia, usione haya. Maji ya chumvi ya kusafishia pua ni kazi ya kila siku, na maji yawe yaliyochemshwa yakapoa au ya hospitali, kamwe si ya bomba moja kwa moja.

Nilirudi mashineni mapema nikaishia kushona vitu vyepesi tu, kwa kuwa cherehani inataka uiname na kila nikiinama puani pananipwita. Kama kazi yako ni ya kukaa wima, utarudi mapema kuliko mimi.

Waislamu wenzangu, hili sikulikuta limeandikwa popote nikalazimika kuuliza mwenyewe. Kupandisha maji puani wakati wa udhu acha kabisa mpaka upone. Shehe wetu aliniambia kwa madhehebu yetu ya Shafi ni sunna, udhu unatimia bila hiyo. Uso nilipangusa kwa uangalifu upande wa jicho. Na sijda za siku zile za mwanzo niliswali nimekaa kitini na kuashiria kwa kichwa, daktari alikuwa amenikataza kuweka kichwa chini ya moyo. Jicho lilikuwa bado na uvimbe wakati mfungo unakaribia, na matone ya puani nayo yana maswali yake kwa aliyefunga, kwa hiyo kama unaweza kuchagua tarehe, usiweke operesheni karibu na Ramadhani.

Mchangiaji aliyeuliza kuhusu mtoto wake wa miezi minne mwenye jicho la machozi na tongotongo: hilo ni jambo jingine kabisa, usichanganye na huu uzi. Kwa watoto wachanga ni utando tu mwisho wa mfereji ambao haujafunguka, na wengi mno unafunguka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka. Mwombe nesi akuonyeshe kukanda kifuko kwa kidole safi, unabonyeza konani na kushuka chini. Pua ya mtoto haipasuliwi kwa ajili hiyo.

Na ndugu aliyetaja machozi yenye damu, pamoja na uvimbe mgumu usiobonyea konani: wewe usisubiri ushauri wa jukwaani. Wengi wetu tuna mfereji ulioziba tu, lakini dalili hizo mbili zinahitaji picha na pengine kipande cha kupimwa kabla mtu hajagusa chochote.

Dada, uliuliza mwisho kama machozi yanakoma siku ileile. Hapana. Wakati kijibomba kipo jicho linaweza kuendelea kulowa, maana chenyewe kinachukua nafasi na kinalikera jicho. Usaha ndio unaokwisha kwanza, kwangu uliisha mapema na tongotongo la asubuhi likatoweka. Kukauka kwenyewe kulikuja baada ya kijibomba kutolewa na uvimbe wa puani kushuka. Siku moja nilipenga kamasi, kwa ruhusa ya daktari wakati huo, nikasikia hewa ikitoka konani mwa jicho na kipovu kikapasuka. Nilishtuka, nikapiga simu kliniki, nesi akacheka: ndiyo dalili kwamba njia iko wazi. Hadi leo nikipenga kwa nguvu inatokea, na nikipanda pikipiki bila miwani upepo bado unanitoa machozi upande ule, kama mtu mwingine yeyote. Satini za maharusi ninazoshona sizidondoshei machozi tena.

Ukirudi hospitali beba siti skani yako mwenyewe, usitegemee kwamba idara moja itaituma kwa nyingine. Ukishaonyeshwa ukuta umepinda wapi, rudi hapa utuandikie ni kulia au kushoto, juu au chini, nami nitakujibu.